Ramani ya Kabilimbi

Mlango haukuvunjwa. Inspekta Mounira alianza na hilo. Alipitisha kidole kwenye komeo, akainama kuitazama sakafu, kisha akasimama katikati ya chumba alimofanyia kazi Mwalimu Magloire na kuzungusha macho bila kugusa kitu.

"Kompyuta ilikaa wapi?"

"Pale juu ya meza," alijibu Yvette, mke wa mwalimu. "Na waya wake, na betri ya jua. Vyote haviko."

"Kitu gani kingine hakiko?"

"Koti lake la mvua. Basi."

"Basi hakutekwa, mama. Mutu akikamatwa kwa nguvu hakumbuki koti la mvua. Alitoka hapa kwa miguu yake na alijua anakwenda mbali."

Yvette alishika kichwa. Yeye na mumewe walifundisha shule moja hapa Kasongo, yeye jiografia, mume fizikia. Jumanne Magloire aliacha darasa kabla ya kengele, akapita nyumbani wakati mkewe yuko kazini, na tangu hapo simu yake haikupatikana. Sasa ilikuwa Ijumaa, na mtaani jibu lilikuwa limeshatolewa: mwalimu ametekwa na wachimba dhahabu waliotoka Kivu. Jumatatu si alionekana sokoni akigombana na kiongozi wao, yule mrefu anayeitwa Cirhuza?

Mounira aliwasikia wote, akaandika jina hilo, lakini hakulipigia mstari. Alikuwa hajakaa tangu afike. Alikuwa akienda dirishani, akirudi, akisimama mbele ya ukuta. Ukutani kulikuwa na picha nyingi za kitu kimoja: duara la manjano na rangi ya chungwa, lenye madoa meusi kama chapati iliyoungua.

"Hii ni nini?"

"Io. Mwezi mmoja wa sayari ya Jupita."

"Aliununua wapi?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Yvette alitabasamu kidogo. "Hakununua. Aliutengeneza. Kuna chombo cha anga kinachoizunguka Jupita. Kikipita karibu na mwezi huu kinapiga picha, na wenye chombo wanaziweka kwenye internet zikiwa bado mbichi, mutu yeyote azichukue. Zinakuja vipande vya kijivu, vyembamba kama riboni. Kimoja cha mwanga mwekundu, kimoja cha kijani, kimoja cha buluu. Na chombo chenyewe kinajizungusha wakati kinapiga, kwa hiyo hakuna kipande kinacholingana na mwenzake. Wewe unavinyoosha, unaviunganisha, unavitafutia rangi. Dunia nzima kuna watu wanafanya hivyo nyumbani mwao. Huyu wangu ndiye wa Kasongo."

"Na akimaliza?"

"Anawatumia wenzake, wanaanza kubishana. Huyu anasema doa hili ni kivuli cha mlima, yule anasema ni ziwa la lava. Anaweza kukosa chakula kwa sababu ya doa."

Mounira alifungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi na kuikunjua juu ya meza.

"Na hii?"

Karatasi hiyo aliletewa wiki iliyopita na mama mmoja mkulima wa Lusangi, mjane, jina lake Mathilde. Wachimbaji walikuwa wamelivamia shamba lake la mihogo, karatasi mkononi, wakisema ni ramani ya setilaiti inayoonyesha dhahabu. Mathilde alipoona hawasikii, alichomoa moja kwa kijana aliyelala, akaileta polisi Kasongo, kisha akaenda kujihifadhi kwa dada yake Kabambare. Juu ya karatasi kuliandikwa kwa herufi kubwa PICHA YA SETILAITI, LUSANGI. Mshale mwekundu ulielekea kwenye doa moja jeusi, na kando yake neno moja: KABILIMBI.

Yvette alicheka, kisha kicheko kikakatika.

"Huu ni Io. Hii ni picha yake!"

"Una hakika? Umesema wako wengi wanaotengeneza."

Yvette aliipeleka karatasi dirishani, akaitazama kwa karibu. "Tazama hapa pembeni. Unaona mstari, kama mshono wa nguo? Hapo vipande viwili havikukutana vizuri. Hii ni ya kwanza aliyoitengeneza. Kabla ya kuwatumia wenzake aliurekebisha mshono na kupunguza rangi. Ile iliyoko ukutani haina mstari. Hii yenye mshono hakuituma popote."

"Lakini imetoka humu ndani."

"Aliiweka kwenye flashi, akaipeleka kwa Pitchou, aone rangi zitakaaje kwenye karatasi. Akarudi analalamika juu ya mshono huohuo."

Mounira alikuwa ameshakunja karatasi na yuko mlangoni.

Pitchou alikuwa na duka la fotokopi upande wa pili wa soko, mashine mbili na jenereta moja iliyokuwa inatoa moshi nje. Alipomwona inspekta, alifuta kiti kwa kiganja.

"Karibu ukae, Mama Inspekta."

"Nitasimama. Hii umeichapa wewe?"

Pitchou aliitazama karatasi kwa muda mfupi mno. "Hapana. Hiyo si kazi yangu."

Mounira aligeukia ukuta wa duka. Kulikuwa na tangazo la harusi, tangazo la mkutano wa kwaya, na orodha ya bei. Aliiweka karatasi kando ya tangazo la harusi. Kwenye zote mbili, upande wa kushoto, mstari mweupe ulishuka kutoka juu hadi chini pale ambapo wino haukushika.

"Mashine yako inaumwa, kaka. Inaumwa ugonjwa uleule kwenye karatasi zote."

Pitchou alipitisha kidole juu ya ule mstari. "Mama, mimi ninachapa tu. Mutu akileta kazi, siulizi."

"Nani alileta?"

"Yule Cirhuza."

"Cirhuza ndiye alikuambia uandike neno hili, Kabilimbi?"

"Ndiye. Alinisomea herufi moja moja."

"Cirhuza ametoka Bukavu mwaka huu," Mounira alisema, na sauti yake haikupanda. "Mwenye shamba ameniambia Kabilimbi ni jina alilolitoa baba mkwe wake kwa huo mteremko. Majirani hawalijui. Hata ofisi ya sekta hailijui. Linatamkwa ndani ya nyumba moja tu. Nakuuliza tena, nani alikusomea herufi?"

Jenereta ilinguruma nje. Pitchou aliketi kwenye kile kiti alichomfutia mgeni.

"Ni Emile."

"Emile yupi?"

"Mdogo wa marehemu bwana wa Mama Mathilde. Alikuja kutoa kopi ya kitambulisho. Mimi nilibakiza ile picha ya mwalimu kwenye mashine, nikaibandika ukutani watu waone ninatoa rangi. Emile alisimama mbele yake, akaitazama sana. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni picha inayopigwa na chombo kutoka juu. Akasema, niandikie hapa Lusangi, weka mshale. Nilidhani ni mzaha."

"Mzaha wenye mshale?"

Pitchou aligeuza uso kwenye mashine.

"Ulimwambia kuwa ni mwezi?"

"Nilimwambia, mama. Akasema wanaokwenda kuisoma hawajafika mwezini."

Nje, Mounira aliuliza wauza samaki waliokaa mkabala na duka. Wawili walikuwa wameliona lile gombano la Jumatatu, na waliyoyasikia yalifanana. Cirhuza, aliyesikia kwamba picha imetoka kwa mwalimu, alimfuata akiwa na karatasi, akamwomba kwa heshima ramani ya upande wa pili wa mteremko. Mwalimu aliitazama, akapiga kelele kwamba huo ni mwezi wa Jupita. Cirhuza alidhani anafanywa mjinga mbele ya watu. Hapo ndipo sauti zilipopanda. Na Jumanne mwendesha piki-piki mmoja wa hapo stendi alimbeba mwalimu, akiwa amekumbatia begi kifuani, akamwacha Lusangi.

Hakuna aliyemteka. Alikwenda mwenyewe kuwaambia ukweli. Kilichobaki kujulikana ni kwa nini hakurudi.

Piki-piki ya idara ilikuwa na breki ya nyuma tu. Mounira aliiendesha mwenyewe, akivuka madaraja ya magogo bila kushuka, akiwapita wasukuma baiskeli waliopakia mabidoni ya mafuta ya mawese. Mvua ya usiku ilikuwa imeifanya njia ya Kabambare kuwa tope jekundu. Mara mbili alianguka, mara mbili akaamka akiwa tayari anakanyaga kiki. Mawingu yalikuwa yanarudi kutoka mashariki, na kama kuna watu ndani ya mashimo kwenye udongo ule, hakutaka mvua imtangulie.

Shamba aliliona kwa mbali. Mihogo ilikuwa imelazwa chini na mteremko mzima umetobolewa, mashimo yamekaribiana kiasi kwamba ukuta wa moja ulikuwa ukuta wa jingine. Cirhuza alisimama juu ya kifusi, buti zimejaa tope, akiwaelekeza wavuta kamba.

"Cirhuza. Mwalimu iko wapi?"

"Iko pale chini ya turubai, mama. Anakula vizuri. Hakuna mutu amemugusa."

"Anaweza kuondoka?"

Cirhuza alijikuna kidevu. "Akituonyesha upande wa pili, ataondoka hata leo."

Magloire alikuwa amekaa juu ya gunia, ndevu zimeota, kompyuta iliyofungwa iko magotini. Alipoiona sare alisimama haraka mpaka kichwa kikagonga turubai.

"Yvette amekutuma?"

"Nimejituma. Uliwaambia nini hawa watu?"

"Kila kitu! Nimewafungulia vipande vya kijivu, nimeviunganisha mbele ya macho yao. Nikawaambia doa hili mnalolichimba ni ziwa la moto, liko mbali hata chombo kilitumia miaka kufika. Wanasema, mwalimu, wewe unaficha dhahabu chini ya rangi." Alishusha sauti. "Na mimi nimekosa jibu, Mama Inspekta. Wameniuliza, kama ni mwezi, mbona dhahabu imetoka?"

"Imetoka kweli?"

"Shimo la kwanza kabisa, pale mshale ulipoelekea. Nimeiona ndani ya chupa kwa macho yangu. Tangu juzi sijalala, natafuta hesabu ya kueleza jambo hilo."

Mounira alimtazama, kisha akatazama mteremko. "Mashimo yaliyofuata yametoa nini?"

"Sijui. Nadhani vumbi."

"Hukuuliza?"

"Niliuliza juu ya picha," alisema Magloire.

Mounira alirudi kwa Cirhuza. "Tangu lile shimo la kwanza, mumepata nini?"

"Kidogo."

"Kidogo, au hapana?"

Cirhuza alitazama pembeni, mahali ambapo vijana wake hawangesikia. "Hapana. Lakini la kwanza lilitoa. Lazima mshipa umekatika mahali. Ndiyo maana tunamutaka mwalimu."

"Nani aliosha udongo wa shimo la kwanza?"

"Mwenye shamba mwenyewe, Emile. Sisi tulikuta limeshachimbwa. Alitupigia simu, tukakuja, akatuonyesha ramani na chupa, akasema ni punje zilivyotoka kwenye maji ya kuoshea tu."

"Wewe, PDG, mkubwa wa machimbo, uliishika hiyo dhahabu mkononi?"

"Niliiona ndani ya chupa. Ya mutu mwingine huishiki bila ruhusa."

"Leo nimekupa ruhusa."

Emile alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mti pekee uliobaki, mahali ambapo kila kundi lililopanda au kushuka lilimwona. Alimpokea inspekta kwa mikono miwili, kwa adabu yote ya mtu wa pale.

"Karibu kwetu, mama."

"Kwenu? Mathilde ananiambia ni kwake."

"Kaka yangu amekufa, mama. Hakuacha mutoto. Shamba limerudi kwa familia, na familia ni mimi. Nilimweleza shemeji kwa utaratibu aachie watu wafanye kazi. Alikataa."

"Ndipo ukaleta ramani."

"Ramani imeletwa na watu. Mimi ni mkulima, najua nini?"

"Nionyeshe chupa."

"Iko nyumbani," Emile alisema, na mkono wake ukapanda wenyewe hadi kwenye mfuko wa shati. Cirhuza aliuona mkono. Alinyoosha wake mrefu, akachomoa kichupa kidogo cha dawa, akampa Mounira.

Mounira alikunjua karatasi ya Pitchou, akaigeuza upande mweupe, akamimina punje juu yake. Kwa miaka alikuwa ameshughulikia kesi za dhahabu za bandia na za wizi, na tangu Magloire aliposema shimo la kwanza tu, alikuwa na haraka ya kuziona punje hizi. Hazikung'aa. Zilikuwa za manjano iliyofifia, zenye vitundu vidogo kama sifongo.

"Chukua moja, Cirhuza. Sema wewe."

Cirhuza aliichukua, akaisugua kwa kidole gumba, akaiweka baina ya meno. Uso wake ulibadilika polepole. Wavuta kamba waliokuwa karibu waliacha kuvuta.

"Hii imechomwa," alisema. "Imepita kwenye zebaki, ikapita kwenye moto."

"Mutu anachoma dhahabu kabla ya kuichimba?"

"Chini ya udongo hakuna mutu anachoma kitu." Alimgeukia Emile. "Hii ni dhahabu ya sokoni. Umeinunua, umeiweka ndani ya chupa, umetuita. Nimeleta watu kutoka Shabunda. Nimeleta mutoto wa dada yangu! Kwa chupa ya sokoni?"

"Nilidhani mutachimba kidogo tu," Emile alisema. "Nilitaka shemeji achoke aondoke. Mukishaondoka, mimi nilime."

"Ulime nini?" aliuliza mtu kutoka nyuma. "Tazama!"

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya karatasi. Mounira alimshika Cirhuza bega.

"Chini kuna watu?"

Hakuhitaji kurudia. Cirhuza alikuwa ameshaanza kukimbia, akipaza sauti kwa Kishi, lugha ya kwao, na kwa Kiswahili, na kamba zote zikavutwa kwa pamoja. Watu walitoka mmoja mmoja, wekundu toka nywele hadi vidole, wakiuliza kuna nini. Magloire alitupa koti lake, akashika kamba pamoja nao. Wa mwisho kutoka alikuwa kijana mwembamba. Alipokuwa bado anatambaa ukingoni, ukuta kati ya mashimo mawili ulilainika na kuporomoka bila kelele kubwa, kama unga unaomwagwa kutoka kwenye gunia. Palipokuwa na mashimo mawili pakawa na bonde moja.

Kisha wote wakamgeukia Emile.

Mounira alimfikia kabla yao. Alimfunga pingu mbele ya macho ya watu, taratibu, ili kila mtu asikie chuma kikifunga, akasimama mbele yake.

"Sasa huyu ni mfungwa wangu. Anayemupiga, ananipiga mimi."

Sepeto moja ilikuwa imeinuliwa. "Tulikuwa tunazikwa, mama!"

"Ndiyo. Na mutasema hivyo mbele ya hakimu, kila mmoja kwa kinywa chake. Mukimuua hapa, mutakimbia wote, na mama mwenye shamba atabaki na mashimo na maiti. Nani atamwambia hakimu habari ya chupa? Hiyo sepeto?"

Mvua ilizidi. Cirhuza alikuwa amemshika yule kijana mwembamba, mtoto wa dada yake, amemfunika kichwa kwa kiganja. Hakumtazama Emile.

"Mwacheni apite," alisema.

Njia ilifunguka, nyembamba. Mounira alimsukuma Emile hadi kwenye piki-piki, kisha akakumbuka kuwa kiti cha abiria kilikuwa kimoja. Alimtazama Magloire.

"Nenda naye," Magloire alisema. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, lakini macho yake yalikuwa yametulia. "Mimi sijakamatwa."

"Mwalimu nitamufikisha mimi mwenyewe, hadi mlangoni kwake," alisema Cirhuza. "Na mwalimu, unisamehe maneno ya sokoni."

"Nilikupigia kelele," Magloire alijibu. "Ningekueleza polepole."

Juu ya kilima, nusu ya njia, simu ilishika mtandao. Mounira alisimama bila kuzima mashine.

"Yuko hai?" Yvette aliuliza kabla ya salamu.

"Yuko hai. Anarudi kwako na Cirhuza."

"Cirhuza yule?"

"Yuleyule. Wape chai wote wawili."

Alifunga simu na kuendelea. Hakurudi Kasongo; kituo cha karibu chenye chumba cha kufuli kilikuwa Kabambare, na Mathilde alikuwa Kabambare. Mara moja tu, walipokuwa wanavuka maji, Emile, nyuma yake, alishika koti la inspekta ili asianguke, akaliachia upesi.

Jua lilikuwa limetoka tena, likiyakausha mabati, walipofika uani kwa dada yake Mathilde. Mjane alikuwa anatwanga sombe ya majani ya mihogo. Alimwona inspekta, akamwona shemeji yake, akaziona pingu. Mchi ulibaki hewani, kisha akauweka chini.

Mounira alimweleza kwa kifupi: karatasi, chupa, mashimo, ukuta ulioporomoka, kwamba hakuna aliyekufa. Alimweleza pia kuwa mihogo imelala yote. Mathilde alisikiliza akiwa amesimama wima, mikono imelowa kijani.

"Kabilimbi," alisema mwishowe. "Uliwapa hata jina la baba."

Emile alitazama miguu yake.

"Kesho asubuhi mwendesha mashtaka atakuita," Mounira alimwambia Mathilde. "Utaweza kuyasema haya mbele yake?"

"Yote. Sitabakiza neno."

Mathilde aliingia jikoni. Mounira aliona kuwa mazungumzo yamekwisha, akamshika Emile mkono wamalizie safari ya kituoni. Lakini mjane alitoka na sahani ya bugali na samaki, akavuta kigoda kwa mguu, akaiweka sahani mbele ya shemeji yake.

"Amekula leo?" alimuuliza inspekta.

"Hajala."

"Basi ale. Kesho ni mshitakiwa wangu. Leo bado ni mdogo wake bwana yangu, na amekuja nyumbani na njaa."

Emile alianza kulia, akiwa bado amesimama, bila sauti. Kwa mikono iliyofungwa pamoja hakuweza kunawa wala kumega bugali vizuri. Mounira, ambaye siku nzima hakuwa ameketi, aliketi kwenye kizingiti cha jikoni, akatafuta ufunguo mfukoni na kumfungua pingu ya mkono wa kulia.